Tope la Malambo ya Dodoma: Limetoka Mlimani au Limezaliwa Majini?

Abiria wa gari moshi la Reli ya Kati atokaye Dodoma kwenda Manyoni hupita Bahi, penye bonde pana tambarare ambamo Mto Bubu humwaga maji yake. Akifika hapo mwezi wa Aprili, baada ya mvua njema, atakuta maji, mashamba ya mpunga, ndege wengi na wavuvi kazini. Akifika Novemba ya mwaka mkavu, atakuta udongo uliopasuka vipande vipande na ng'ombe wakitafuta majani. Maji yamekwenda hewani. Lakini je, mwani, matete, konokono na samaki walioishi katika maji yale, pamoja na majani na samadi vilivyoletwa na mto, vimekwenda wapi?

Jibu la swali hili lina manufaa kwa nchi kame. Dodoma hupata wastani wa mvua wa kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, ilhali jua na upepo vyaweza kuvukiza maji mara kadhaa ya kiasi hicho. Kwa hiyo watu wa uwanda wa kati wamekuwa wakitegemea visima na malambo: Imagi, Msalatu, Matumbulu, Ikowa, na lile kubwa la Hombolo lililojengwa mwaka 1957 kwenye Mto Kinyasungwe Mdogo, kaskazini mashariki ya mji. Kila lambo, tangu siku ya kwanza linapojaa maji, huanza pia kujaa tope. Mwaka 1972 Anders Rapp wa Chuo Kikuu cha Uppsala na wenzake, akiwemo Len Berry wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha uchunguzi wa mmomonyoko na mashapo katika maeneo manne yanayolisha malambo ya Imagi, Msalatu, Matumbulu na Ikowa. Vipimo vyao vilionyesha kwamba malambo ya aina hiyo yaweza kumalizwa na tope katika miongo michache tu.

Uchunguzi huo ulihusu hasa wingi wa tope. Jambo linaloelezwa hapa ni la kikemia: tope hilo limeumbwa na nini, na yawezekanaje kutambua chanzo chake.

Wageni na wenyeji

Sehemu kubwa ya tope la lambo ni madini: mchanga, vumbi la itale na udongo wa mfinyanzi. Sehemu ndogo, ambayo mara nyingi ni asilimia chache tu ya uzito, ni mata ogania, yaani misombo ya kaboni iliyotengenezwa na viumbe hai. Udogo wake usimdanganye msomaji. Sehemu hiyo ndiyo inayotoa harufu, inayokula oksijeni ya samaki, inayoyapa maji rangi ya chai, na inayoongeza gharama ya kuyasafisha.

Mata ogania hiyo ina asili mbili. Kuna ile ya wageni, iliyotoka nchi kavu: majani ya migunga na mibuyu, mabua ya mtama na uwele, nyasi, mizizi, samadi, na masizi ya moto wa nyika. Na kuna ile ya wenyeji, iliyozaliwa ndani ya maji yenyewe: mwani, bakteria wa kijani-buluu, na mimea ya majini. Zote mbili zilianza kwa usanidinuru, zikitumia mwanga wa jua kuunganisha kaboni dioksaidi na maji, lakini miili iliyojengwa haifanani. Mti hauna budi kusimama wima kinyume cha uzito wake na kujilinda usikauke. Kwa hiyo hujijenga kwa selulosi na lignini, na majani yake huyapaka nta. Mwani huelea. Hauhitaji mbao wala nta. Mwili wake umejaa protini na mafuta laini.

Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mkemia kujua lambo linakufa kwa ugonjwa gani. Lambo linalojazwa na wageni hutibiwa mlimani, kwa makinga maji, majani na miti. Lambo linalosongwa na wenyeji lina chakula kingi mno, yaani fosforasi na nitrojeni kutoka katika samadi, mbolea na maji machafu. Kupanda miti pekee hakutaliponya. Kukosea utambuzi ni kupoteza fedha na miaka.

Hesabu ya kaboni na nitrojeni

Kipimo cha kwanza ni rahisi kueleweka. Protini ina nitrojeni. Selulosi na lignini hazina. Kwa hiyo mwani wenye protini nyingi una kiasi cha atomu 4 hadi 10 za kaboni kwa kila atomu moja ya nitrojeni, ilhali mimea ya nchi kavu yenye mbao na nyuzi huwa na 20 au zaidi, na mara nyingine zaidi sana.

Mwanafunzi aangalie mfano huu wa darasani. Tope A lina kaboni ogania asilimia 2.4 na nitrojeni asilimia 0.14 kwa uzito. Akigawanya kila kiasi kwa uzito wa atomu, yaani 12 kwa kaboni na 14 kwa nitrojeni, atapata 0.20 na 0.010; uwiano ni 20. Tope B lina kaboni asilimia 3.6 na nitrojeni asilimia 0.525, hesabu hiyo hiyo itampa 0.30 na 0.0375, na uwiano wa 8. Tope A lina dalili za nchi kavu, tope B lina dalili za mwani. Kosa linalotokea mara nyingi katika mitihani ni kugawanya asilimia za uzito moja kwa moja. Tope A lingetoa 17 badala ya 20, na mwanafunzi angekuwa amelinganisha gramu na gramu mahali palipotakiwa atomu na atomu.

Hata hivyo kipimo hiki chaweza kupotosha. Samadi ya ng'ombe ni nyasi iliyokwisha kupita tumboni, ambamo bakteria wameiongezea nitrojeni na kuipunguzia kaboni; uwiano wake huwa mdogo kuliko wa nyasi yenyewe. Katika nchi ya wafugaji kama Ugogo jambo hili si dogo. Tena udongo wa mfinyanzi hushika ayoni za amonia, ambazo ni nitrojeni isiyokuwa ya mata ogania kabisa. Kwa sababu hizo mkemia makini hatatoa hukumu kwa shahidi mmoja.

Nta ya majani

Shahidi wa pili ni nta. Mtu aliyewahi kupitisha kidole kwenye bua la mtama anaujua ule unga mweupe unaofutika: ni nta, inayozuia mmea usipoteze maji. Miongoni mwa misombo ya nta za mimea kuna alkani, haidrokaboni nyoofu zenye fomula ya jumla CnH2n+2, ambazo husomwa katika kemia ya sekondari kwa kuanzia methani. Alkani za nta ni ndefu: zina atomu za kaboni 27, 29, 31 au 33. Idadi hizi zote ni witiri. Kwa nini?

Sababu yake ni namna seli inavyojenga asidi za mafuta. Seli huongeza kaboni mbili mbili, kama fundi anayepanga matofali jozi jozi, hata ikafika 16, 18 na kuendelea hadi 30 au 32. Kwa hiyo asidi za mafuta huwa na idadi shufwa ya kaboni. Ili kupata alkani, mmea huondoa ncha yenye oksijeni, na ncha hiyo huondoka na kaboni moja. Asidi yenye kaboni 30 huacha alkani yenye kaboni 29, C29H60. Yenye 32 huacha C31H64. Mwani nao hufuata kanuni hiyo hiyo lakini kwa minyororo mifupi, na alkani yake mashuhuri ina kaboni 17, C17H36.

Basi mkemia akichukua tope, akaliosha kwa viyeyushi vya ogania, na kuupitisha mchujo wake katika mashine ya kromatografia ya gesi, hupata safu ya vilele, kila kimoja cha alkani moja. Vilele virefu vya 29 na 31, vikiwa na vifupi vya 28 na 30 katikati yake, ni saini ya majani ya nchi kavu. Kilele kirefu cha 17 ni saini ya mwani. Na endapo vilele vyote vinakaribiana kwa urefu, witiri na shufwa bila upendeleo, kuna sababu ya kushuku mafuta ya petroli. Joto la mamilioni ya miaka ardhini huvunja minyororo ovyo na kuufuta ule upendeleo wa witiri. Kwa njia hii dizeli iliyomwagika kutoka kwenye pampu ya kumwagilia mizabibu yaweza kutofautishwa na nta ya majani ya mizabibu yenyewe.

Kaboni nzito na kaboni nyepesi

Shahidi wa tatu yumo ndani ya atomu. Kati ya kila atomu 100 za kaboni asilia, karibu 99 zina uzito wa 12 na moja ina uzito wa 13. Mimea hupendelea ile nyepesi, lakini si kwa kiasi sawa. Miti, vichaka, karanga, alizeti, mizabibu na mpunga huipendelea sana. Tofauti yao na kipimo cha kimataifa ni kama hasi 27 kwa elfu. Nyasi nyingi za nchi za joto, pamoja na mtama, uwele na mahindi, hutumia njia nyingine ya usanidinuru iliyo bora katika jua kali, na tofauti yao ni kama hasi 12 au 13 kwa elfu.

Kwa uwanda wa kati hii ni bahati njema, kwa kuwa historia ya mimea yake ni historia ya kupokezana baina ya vichaka na nyasi, na baadaye mashamba ya nafaka. Nta ikichujwa kwenye tope na kaboni yake kupimwa, yaweza kueleza kama milima iliyo juu ya lambo ilifunikwa na vichaka au nyasi wakati tope lile lilipotua. Lakini Bahi ina mtego wake: mpunga ni nafaka, ila kaboni yake ni ya jamaa ya miti. Mtafiti asiyejua kilimo cha mahali pale angeweza kutangaza kwamba msitu umerudi, kumbe wakulima wamepanua majaruba.

Jinsi tope linavyooza

Mata ogania ikiisha kutua chini ya maji, huliwa. Bakteria huichoma kama mwili unavyochoma chakula, kwanza kwa oksijeni iliyoyeyuka majini:

CH2O + O2 → CO2 + H2O

Hapa CH2O ni ufupisho wa wanga na jamaa zake. Oksijeni ikiisha, bakteria wengine hutumia naitreti, kisha oksaidi za manganizi na za chuma, kisha salfeti, kila mmoja kwa zamu yake kulingana na nishati ipatikanayo. Zamu ya salfeti hujulikana kwa pua:

2CH2O + SO4²⁻ → H2S + 2HCO3⁻

Gesi ya H2S hunuka kama yai viza. Ikikutana na chuma hutoa salfaidi ya chuma, FeS, ambayo ni nyeusi tititi; ndiyo rangi ya tope linalotoka chini ya lambo. Yafaa kuonya hapa kwamba weusi si dalili ya wingi wa mata ogania. Udongo mweusi wa mbuga uliotapakaa Dodoma una mata ogania kidogo, licha ya rangi yake.

Salfeti nayo ikiisha, hubaki vijidudu vinavyotoa methani:

2CH2O → CH4 + CO2

Alessandro Volta aliikusanya gesi hii mwaka 1776 kutoka katika tope la Ziwa Maggiore, Italia, kwa kulikoroga kwa fimbo. Mfano mkubwa wa karibu zaidi ni Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, ambalo maji yake ya kina yamehifadhi kiasi cha kilomita za ujazo 60 za methani. Sehemu yake sasa huchomwa ili kuzalisha umeme.

Katika safari hii yote, si misombo yote inayoliwa kwa haraka sawa. Protini na sukari za mwani hutangulia. Lignini, yenye pete za kaboni sita sita zilizofungamana, huwatesa hata bakteria, hasa pasipo oksijeni. Nta hudumu. Hii maana yake ni kwamba tope la zamani huonekana kama lina wageni wengi kuliko lilivyokuwa lilipotua, kwa sababu wenyeji walikwisha kuliwa.

Kuna athari nyingine ambayo wasimamizi wa malambo wangefaa kuijua. Chuma chenye kutu, Fe(OH)3, hushikilia fosfeti. Oksijeni ikimalizika chini ya lambo, bakteria hukigeuza chuma hicho kuwa Fe²⁺ inayoyeyuka, na fosfeti huachiliwa majini, ikawa mbolea ya mwani mpya. Mwani huo hufa, huzama, huoza, na kumaliza tena oksijeni. Lambo lililofika hapo hujilisha lenyewe kwa miaka hata baada ya mifugo kuondolewa kandokando yake.

Bahi na Tanganyika

Sasa laweza kujibiwa lile swali la mwanzo. Bahi inapokauka, nyufa huingiza hewa ndani ya tope, na oksijeni hula kile ambacho maji yalikilinda. Chavua huharibika, mafuta huoksidika, protini hutoweka. Hubaki masizi, sehemu ya nta, na chumvi. Ziwa linalokauka mara kwa mara huchoma kumbukumbu zake lenyewe. Maziwa ya magadi ya Singidani na Kindai, yaliyoukumbatia mji wa Singida, yana shida ya jinsi hiyo hiyo: maji yake ni ya kina kifupi, nayo hupanda na kushuka sana kutoka mwaka hadi mwaka.

Ziwa Tanganyika ni kinyume chake. Kina chake hufika mita 1,470, na chini ya mita 100 hadi 200 hakuna oksijeni kabisa. Kitu kinachotua huko hukaa. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walitumia isotopu za kaboni katika mashapo yake kuonyesha kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umepungua kwa kiasi cha asilimia 20, jambo walilolihusisha na kupata joto kwa ziwa. Mwaka 2008 Jessica Tierney na wenzake walisoma miaka 60,000 katika tope hilo hilo: mafuta ya utando wa vijidudu fulani, ambayo umbo la molekuli zake hubadilika kwa joto, yaliwapa hali ya joto ya kale, haidrojeni iliyomo katika nta ya majani iliwapa ukame na mvua.

Kati ya hali hizo mbili yapo maziwa madogo kama Haubi, katika milima ya Irangi wilayani Kondoa. Mwaka 1999 Mats Eriksson na Per Sandgren walichapisha uchunguzi wa nguzo za mashapo kutoka huko, wakisoma historia ya mmomonyoko kwa njia ya sumaku ya madini. Eneo hilo ndilo lililoharibika hata mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ukaanzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu iliyomomonyoka vibaya. Badiliko la ghafula kama hilo, lenye tarehe inayojulikana, ni kipimo adimu kwa mkemia: nta iliyotua kabla ya 1979 na iliyotua baadaye zaweza kuwekwa sambamba.

Klorini katika maji ya lambo

Mwaka 1974 mkemia Mholanzi Johannes Rook alionyesha kwamba klorini inayotiwa katika maji ili kuua vijidudu huungana na mata ogania iliyomo na kutoa klorofomu, CHCl3, na misombo ya jamaa yake. Kwa hiyo maji ya lambo yenye rangi ya chai yahitaji kupunguziwa mata ogania kabla ya kutiwa klorini, kwa shabu na mchujo wa mchanga. Hii si sababu ya kuiogopa klorini. Kipindupindu huua kwa siku moja au mbili, nayo madhara ya klorofomu kidogo, kama yapo, huja baada ya miaka mingi ya kunywa.

Majaribio kwa shule

Shule yoyote iliyo karibu na lambo yaweza kufanya mambo mawili. La kwanza: chota tope jeusi kutoka chini ya maji, liweke kwenye sahani, na lichunguze kila saa. Uso wake utageuka kuwa wa kahawia kadiri FeS inavyooksidika, ilhali ndani litabaki jeusi. Wanafunzi watakuwa wameona mpaka wa oksijeni kwa macho yao.

La pili ni kupima mata ogania kwa kuunguza. Tope likaushwe kwa nyuzi 105 za Selsiasi hadi uzito wake usibadilike, kisha liunguzwe katika kikombe cha kauri kwa nyuzi 550 kwa saa chache. Mahali pasipokuwa na tanuri, jiko la mkaa linalopulizwa litakaribia kazi hiyo, ingawa bila uhakika wa joto. Gramu 10.00 zikibaki 9.35, upungufu ni asilimia 6.5. Mwalimu awakumbushe wanafunzi kwamba si upungufu wote uliotokana na mata ogania: udongo wa mfinyanzi nao hutoa maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, na katika tope lenye mata ogania kidogo kosa hilo laweza kuwa kubwa kuliko kitu chenyewe kinachopimwa. Tope lenye chokaa nyingi lisipashwe joto kupita nyuzi 600, kwa maana juu ya hapo kabonati huanza kuvunjika na kutoa kaboni dioksaidi isiyotokana na jani lolote.